Pua Kavu ya Selina

Jumamosi jioni Selina alipiga chafya mbili, na mama yake akaacha kupepeta uwele. Ungo ulibaki juu mikononi mwake, akisikiliza kama itakuja ya tatu. Mtu mwingine asingejali. Mwezi wa saba upepo wa kule Issuna hubeba vumbi tangu kunapambazuka mpaka jua linazama, na chafya ya mtoto haina hesabu. Lakini Luciana alikuwa ameingoja Jumatano iliyokuwa inakuja kwa miaka sita, na mwenye kungoja namna hiyo husikia hata sisimizi akipita.

Ya tatu ikaja.

Selina alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, mpasuko mmoja uliopanda mpaka ndani ya tundu la kushoto la pua. Watu huuita mdomo wa sungura. Ziwa hakuweza kulishika. Alikua kwa maziwa ya kukamuliwa na kijiko, na wengi waliomwona siku zile walimwambia Luciana asijichoshe, huyo ni wa kurudi alikotoka. Hakurudi. Akakua, akatembea, akasema, ingawa neno "baba" lilimtoka kama "wawa". Kule kwenye boma lao la zamani mambo hayakuwa mabaya sana, maana jirani alikuwa ng'ambo ya korongo. Walipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, nyumba kwa nyumba kwenye mistari, ndipo taabu ilipoanza. Bomba la maji lilikuwa moja na watoto walikuwa arobaini, na wote walijua kumuuliza swali lile lile: Sungura, masikio umeyaacha wapi?

Januari iliyofuata alitakiwa aingie darasa la kwanza. Mwalimu alikwisha kuandika jina lake. Selina mwenyewe alisema hatakwenda mpaka mdomo ushonwe, na alisema kwa sauti ya mtu mzima aliyekwisha kukata shauri.

Daktari wa kushona midomo alikuja hospitali ya misheni mara moja kwa mwaka, akakaa siku tatu, akaondoka. Mwaka uliopita Luciana na mwanawe walifika kwa miguu siku ya tatu mchana, wakakuta orodha imejaa. Mwaka huu Mwenyekiti Mughwai alisimama kwenye mkutano akasema mtoto wa kijiji ni mtoto wa kila mtu, na mkutano ukakubali kwamba trekta litakalopeleka mtama wa shamba la kijiji mjini limbebe Selina kwenye tela. Watu walipiga makofi. Baba yake, Alute, ambaye asingeweza kusafiri kwa sababu ilikuwa zamu yake kulinda ghala, alilia mbele ya wanaume wenzake bila kuona haya. Kwa hiyo chafya ile haikuwa ya mtoto mmoja. Kijiji kizima kilikuwa kimeivalia safari ile njuga.

Barua ya hospitali Luciana aliisoma mwenyewe, maana alifika darasa la nne kabla ya kuolewa. Usiku ule aliitoa chini ya mkeka akaisoma tena karibu na moto. Mtoto aje na blanketi. Asile kitu usiku wa kuamkia upasuaji. Na mstari wa tatu: mtoto mwenye mafua, kikohozi au homa, au aliyepona hayo wiki tatu hazijapita, asiletwe, atapangiwa safari nyingine.

Safari nyingine maana yake mwaka mwingine.

Hapa ndipo alipokosea, na wazazi wasikie vizuri, kwa sababu kosa hili halifanywi na mtu mbaya. Luciana alijiuliza kwa nini daktari akatae mafua, akajijibu mwenyewe. Daktari anashona mdomo, mdomo uko chini ya pua, kamasi ikishuka itachafua uzi. Basi. Aliliona ni jambo la usafi tu, kama fundi cherehani anayekataa kitambaa chenye matope. Kamasi ikiondoka na tatizo limeondoka. Na kuondoa kamasi ya mtoto, mama gani asiyejua? Unaweka mdomo wako puani mwake, unafyonza, unatema. Ndivyo alivyofanyiwa yeye, na mama yake kabla yake.

Jumapili alimfyonza asubuhi, mchana na jioni. Jioni ile ile mtoto alikuwa na joto, na Luciana akaenda mlango wa pili kwa Theodora, rafiki yake wa kusaga naye, kumuuliza dawa ya homa. Theodora akacheka. Alikwisha kumpitisha wake kwenye kliniki ya sindano akiwa na joto.

"Kwani kile kipimo kina akili, Mama Selina? Wanakiweka kwapani. Osha kwapa kwa maji ya mtungi, likaushe, litasoma ubaridi wa mtungi. Wewe peleka mtoto. Ukibaki nyuma safari hii, trekta lingine utalitoa wapi?"

Jumatatu wakapanda tela, Luciana, mtoto, na mama mkwe wake, Bibi Sara, juu ya magunia ya mtama. Luciana alimfunika Selina blanketi mpaka kichwani, akisema ni kwa ajili ya vumbi. Chini ya blanketi mtoto alikuwa moto kama kiazi kilichotolewa jivuni. Trekta liliyumba, magunia yakasogea, na kila mara Luciana aliingiza uso ndani ya blanketi kama anayembusu mwanawe, akatoka akatema upande wa upepo.

Bibi Sara alikuwa akitazama. Hakujua kusoma, lakini si kwamba hakujua kuona. Walipofika nusu ya njia aliuliza barua ilisemaje hasa.

Luciana akamjibu kwamba inasema waje na blanketi.

Bibi Sara akasema vema, blanketi tunalo.

Walilala kwenye banda la jamaa wa wagonjwa, nyuma ya hospitali, kila familia na mafiga yake. Jumanne ilikuwa siku ya kukaguliwa. Kabla hakujakucha vizuri Luciana alimwamsha mtoto, akamfyonza mpaka taya zikamuuma, akamlambisha kijiko cha asali kikohozi kitulie, kisha akachota maji yaliyolala nje kwenye ndoo na kumwosha kwapa. Yalikuwa na baridi ya kukata mfupa. Selina alitetemeka, akabana meno, hakulia. Alikuwa mtoto wa kujua kwa nini amekuja.

Kwenye foleni, mbele yao kidogo, alikuwepo mama mmoja wa kutoka Misigiri, na kitoto chake kikikohoa waziwazi mgongoni. Hakujaribu kuficha. Alipoulizwa alisema ndiyo, anakohoa tangu wiki iliyopita, na akaambiwa arudi mwakani. Akatoka akilia, kanga mdomoni. Luciana alitazama chini mpaka miguu ile ikapita. Moyoni alisema, huyu naye mjinga, ameshindwa hata kunyamaza. Halafu, Mungu amsamehe, alifurahi kwamba foleni imesogea.

Aliyekuwa anakagua ni mganga msaidizi, kijana mrefu anayeitwa Gasto, mwenye masihara na watoto. Alimuuliza Selina kama ndiye yule mheshimiwa aliyekuja na trekta lake mwenyewe. Selina akacheka kwa macho. Gasto akampiga tochi kooni, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akaweka kipimo kwapani, akakisoma, akakikung'uta. Kifua kilikuwa safi. Pua ilikuwa kavu. Alisema koo lina wekundu kidogo, labda ni vumbi la barabarani, kisha akauliza lile swali.

"Mama, mafua? Kikohozi? Homa? Wiki hizi tatu."

"Hapana, daktari."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Bibi Sara alikuwa ameketi karibu yao. Alifungua fundo la kanga yake, akalifunga tena. Gasto akaandika: Selina Alute, miaka sita, Jumatano, wa pili.

Usiku ule Selina alikohoa, kikohozi kifupi kikavu kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja. Luciana alimlaza kifuani pake na hakufumba jicho. Yeye mwenyewe koo lilianza kumwasha, kichwa kikawa kizito, akadhani ni moshi wa mafiga.

Jumatano saa tatu, muuguzi aliyeitwa Marietha alikuja na gauni la kijani lenye kamba mgongoni. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa kutopoteza wakati. Alimpa Selina mkono, na Selina akaushika akaenda naye bila kugeuka nyuma. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Juu yake kulikuwa na kioo kilichopakwa rangi nyeupe, kwa hiyo kilionyesha mwanga tu, na kivuli mtu akipita.

Luciana na Bibi Sara wakakaa kwenye benchi. Wa kwanza siku ile, mvulana wa watu wa Nduguti, alikuwa ametoka salama, na baba yake alikuwa pale pale kwenye benchi akisimulia kila anayepita jinsi uzi ulivyokaa mzuri. Luciana alimsikiliza kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa mlangoni.

Kwanza kulikuwa kimya. Kisha zikasikika sauti za kawaida, vyuma kwenye sinia, mtu akiomba kitu. Kisha sauti moja ya kiume ikasema neno, ikalirudia kwa haraka zaidi. Kitu kikaanza kukanyagwa ndani, mashine ya kukanyaga kwa mguu, ikivuta na kuachia, kama mivukuto ya mhunzi. Vivuli kwenye kioo vikasogea upande mmoja vyote.

Baba wa Nduguti akaacha kusimulia.

Mlango ukafunguka upana wa bega, Marietha akatokeza na kitambaa usoni.

"Mama Selina, mtoto amekula kitu? Tangu jana usiku, hata maji, hata andazi la kuokota?"

Luciana akasema hajala. Na ilikuwa kweli. Marietha akarudi ndani. Mlango haukufunga vizuri, na kwenye ule upenyo ikatoka sauti ambayo Luciana hakuijua, mluzi mwembamba wa mtu anayevuta pumzi na pumzi haiji. Kisha ule mluzi nao ukakatika. Ilibaki mashine tu.

Bibi Sara akasema polepole, "Huyo ni wetu."

Marietha akatokeza mara ya pili. Sasa alikuwa ametoka mzima, ameshika mlango kwa kiganja.

"Nisikilize vizuri. Mtoto huyu wiki hii alikuwa na mafua?"

Mtu aliyesimama mbali atauliza, ni mama gani atasema uongo hapo? Lakini kichwa cha Luciana kilikuwa bado kinakwenda njia ile ile ya tangu Jumamosi. Aliona kwamba wamegundua kamasi, wamekasirika, wanataka kumtoa mezani mdomo haujashonwa. Aliwaona watoto wa bombani, akamwona Mwenyekiti Mughwai, akamwona Alute. Akasema kama alivyokwisha kusema, maana uongo ukisharudiwa hupita wenyewe.

"Hapana, sista."

Marietha akageuka. Na pale pale, kabla mguu wake haujavuka kizingiti, Luciana alipiga chafya. Ilimjia bila kuomba ruhusa, ikafuatwa na nyingine, na kamasi nyepesi kama maji ikashuka mpaka mdomoni. Akaifuta na kanga. Marietha alikuwa amesimama, hajaingia, hajatoka.

"Hayo umeyapata wapi?"

Luciana akaikunja kanga iliyolowa.

"Sema, mwanangu," Bibi Sara akasema, bila kumtazama, macho kwenye sakafu. "Mimi barua sijui, lakini kwenye tela nilikuona. Sema sasa, kesho neno hilo litakuwa halina kazi."

"Nilimfyonza," Luciana akasema. "Tangu Jumapili. Ana mafua tangu Jumamosi jioni, na homa, na jana usiku alikohoa. Kwapa nililiosha maji ya baridi. Pua nilimfyonza kwa mdomo wangu ili ionekane kavu."

Marietha hakumfokea. Aligeuza kichwa akasema kwa walio ndani kwamba ni mafua, ya siku nne, pamoja na homa, njia yote imevimba na imejaa. Sauti ya kiume ikajibu, "Basi acheni dawa, hewa peke yake, nyonyeni tena ndani zaidi." Mlango ukafungwa, safari hii mpaka mwisho.

Muda uliopita baada ya hapo Luciana hakuwahi kuujua urefu wake. Mashine ilikanyagwa. Ilisimama. Ilikanyagwa tena. Alijaribu kusali akajikuta anarudia mstari wa tatu wa barua, neno kwa neno. Baba wa Nduguti aliinuka akaenda kusimama mbali, kama watu wanavyojitenga na nyumba yenye msiba. Bibi Sara alivua viatu vyake akaviweka pamoja chini ya benchi, na Luciana akaogopa zaidi, maana hakujua kwa nini amefanya hivyo.

Halafu ndani mtoto akakohoa. Kikohozi kibaya, cha majimaji, kirefu. Hakuna wimbo uliopata kumfurahisha Luciana kama kikohozi kile.

Aliyetoka baadaye alikuwa daktari mwenyewe, Daktari Idrissa, mtu wa makamo, amelowa jasho mgongoni kama aliyetoka kulima. Luciana akamsalimia shikamoo. Yeye akaitikia, akakaa kwenye benchi kando yake, na hilo lilimtisha kuliko kama angesimama na kugomba.

Alimwambia mtoto anapumua. Alimwambia kisu hakikugusa mdomo, na hakitaugusa mwaka huu. Kisha akamweleza, taratibu, kama anayemweleza mtu mwenye akili. Dawa ya usingizi inapita njia ile ile ya pumzi. Njia hiyo ikiwa na mafua inakuwa kama kidonda, tangu puani mpaka chini mapafuni, hata kama nje huoni kitu. Ukiigusa kwa dawa au kwa mpira wa kupitishia hewa, inajikaza, inajifunga, na aliyelala hawezi kujisaidia kukohoa. Mtoto njia yake ni nyembamba kama unyasi. Na mafua yakipungua, ile njia hubaki na hasira wiki kadhaa, ndiyo sababu barua ikasema wiki tatu. Wengine hupita mezani salama, kifua kikaja kuwajaa siku ya pili au ya tatu.

"Mama, kamasi ni mlangoni tu. Wewe umefagia mlango, moto uko chumbani. Sisi tulikuwa tunahangaika tukidhani amepaliwa na chakula. Ungekaa na siri yako dakika chache zaidi, ningekuja hapa na habari nyingine."

Luciana akauliza kama atapona.

Daktari akasema hajui bado. Akasema ukweli huo kama alivyosema mwingine wote, akainuka, kwa sababu wa tatu alikuwa anasubiri.

Na kweli kifua kilijaa. Alhamisi na Ijumaa Selina alilala wodini na mtungi wa hewa kando, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta, akichomwa sindano kila baada ya saa sita. Hakumjua mtu. Marietha alimpa Luciana kitambaa akamwagiza akifunge puani na mdomoni, na asikivue akiwa karibu na kitanda, kwa kuwa mafua aliyonayo sasa yakimrudia mtoto katika hali ile yatammaliza. Kumbusu, hapana. Kumwekea uso karibu, hapana. Luciana akakaa mwisho wa kitanda, akashika kidole gumba cha mguu.

Ijumaa mchana Daktari Idrissa alipita kuaga. Alisikiliza kifua, akasema leo ni afadhali kuliko jana. Akamwambia mwakani wakija, waje wiki tatu zikiwa safi, na kama si safi wasije, hata kama trekta limewashwa.

Jumamosi asubuhi homa ilishuka. Selina alifumbua macho, akatazama dari, akatazama mtungi, kisha akautoa mkono chini ya shuka na kuupeleka juu ya mdomo. Kidole kilitafuta uzi. Kilipanda taratibu kwenye mpasuko mpaka ndani ya pua, kikashuka, kikapanda tena. Luciana alikiangalia kile kidole na akatamani angekuwa yeye kwenye mtungi.

"Hawajashona," Selina akasema.

"Hawajashona, mama."

"Watashona kesho?"

Angeweza kusema daktari aliitwa mahali. Angeweza kusema uzi uliisha. Bibi Sara alikuwa pembeni akikoroga uji, mwiko ukasimama.

"Si kesho. Daktari ameondoka. Ulikuwa unaumwa mafua, nami nikawaficha. Dawa yao na mafua yako havikupatana, ukataka kufa. Si kosa lako, wala si la daktari. Ni mimi niliyewadanganya."

Selina akaushusha mkono kutoka mdomoni.

"Ulisema nisiseme koo linauma," akasema. "Sikusema."

"Hukusema. Nilikuagiza vibaya."

Mbele ya wageni Selina alikuwa na kawaida ya kuufunika mdomo wake, kwa kiganja, kwa kanga, kwa chochote kilichokuwa karibu. Mbele ya mama yake hakuwa amewahi. Sasa aliishika shuka ya hospitali kwa mikono miwili, akaivuta mpaka chini ya macho, akaishikilia pale. Luciana akanyoosha mkono, akakumbuka alivyoambiwa, akaurudisha. Wakabaki wanatazamana, mmoja nyuma ya kitambaa, mwingine nyuma ya shuka, mpaka uji ukapoa.